RTX 4080 na RX 7900 XTX: Maneno ya mtaani Kigoma na ukweli wake

Kigoma mjini kadi hizi mbili za grafiksi, vifaa vya kuchora picha ndani ya kompyuta, zinatajwa zaidi kuliko zinavyoonekana. Vijana wa studio za video pale Mwanga, wenye vibanda vya gemu, wanaojifunza kuchora majengo kwa kompyuta, kila mmoja ana upande wake, na ubishi wenyewe ni kama wa Simba na Yanga: mtu hachagui kadi, anachagua timu. RTX 4080 ya Nvidia iliingia sokoni Novemba 2022 kwa dola 1,199. RX 7900 XTX ya AMD ikaja Desemba mwaka huohuo kwa dola 999. Warithi wamekwishatoka, RTX 5080 ikiwamo, ya Januari 2025, lakini anayenunua mkono wa pili bado anazikuta hizi mbili zikipambanishwa. Haya ndiyo yanayosemwa, na pale yanapokosea.

“AMD ina GB 24, Nvidia ina 16, kwa hiyo AMD ina nguvu zaidi.”

Memori ya kadi ni nafasi ya kuwekea kazi. Kasi ni jambo jingine. Gemu ikihitaji GB 11, zile 13 zinazobaki kwenye AMD zimelala tu. Katika gemu za kawaida kwa ubora wa 4K, kadi hizi zinakaribiana sana. 7900 XTX hutangulia kwa asilimia chache, na sababu si hizo GB. Ukiwasha rei tresingi, ile hesabu ya jinsi mwanga unavyogonga vitu na kuakisiwa, RTX 4080 inaiacha AMD waziwazi, na gemu ikizidi kuitegemea hesabu hiyo pengo linazidi kuwa kubwa.

GB 24 zina kazi yake. Anayetaka kuendesha modeli ya akili bandia kwenye mashine yake bila intaneti ataona faida: modeli ya vigezo bilioni 30 na ushee, ikibanwa hadi biti 4, inaingia kwenye GB 24 na inagoma kwenye 16. Ila programu nyingi za fani hiyo zimeandikwa kwanza kwa ajili ya CUDA, mfumo wa Nvidia wa kuitumia kadi kwa hesabu, na upande wa AMD itabidi uzoee ROCm, mfumo wao wa kazi hiyohiyo, tena kwenye Linux ndiko inakotulia zaidi. Nafasi unayo, njia ndiyo ndefu.

“Kore 9,728 za Nvidia kwa 6,144 za AMD. Hesabu imeisha.”

Haijaisha. Kore ni vitengo vidogo vya kuhesabia ndani ya kadi, na kampuni hizi hazihesabu kitu kimoja. Kore moja ya AMD katika kizazi hiki inaweza kutoa amri mbili kwa mpigo pale programu inaporuhusu, ndiyo maana utakuta mahali pengine kadi hiyohiyo imeandikiwa 12,288. Linganisha kore za Nvidia kwa Nvidia, za AMD kwa AMD, basi.

“Video za harusi? Nunua yoyote kati ya hizo, mashine haitakwama tena.”

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kamera nyingi za siku hizi zinazotumika kwenye harusi na send-off zina chaguo la kurekodi H.265, namna ya kubana video, ya biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2, unaohifadhi rangi nyingi zaidi. Wapigaji wanaupenda kwa sababu rangi zinavumilia kuchezewa. Sasa video ya namna hiyo, kabla hujaikata wala kuipaka rangi, lazima ifunguliwe kwanza, na si RTX 4080 wala RX 7900 XTX yenye kifaa ndani yake cha kufungua H.265 ya 4:2:2. Mzigo wote unaangukia prosesa. Mtu ametoa mamilioni, anaburuta mshale kwenye taimulaini, picha inaganda palepale ilipokuwa inaganda na kadi ya zamani. Anaanza kumlaumu fundi.

Prosesa za Intel zenye grafiksi ya ndani, kuanzia kizazi cha 11, zinafungua video hiyo bila jasho. Kwa studio nyingi za mjini hapa, prosesa ya namna hiyo na kadi ya wastani vitakata harusi ya saa nne haraka kuliko 4080 iliyofungwa kwenye prosesa dhaifu. Njia nyingine ni kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video, ukate hizo halafu programu irudi kwenye video halisi wakati wa kutoa kazi. Haina gharama, ila inadai subira, na wateja wa harusi hawana subira.

Kadi zinafaa wapi basi? Kwenye rangi, kusafisha chengachenga za giza, na kutoa faili la mwisho. Zote mbili zinatoa hata AV1, namna mpya zaidi ya kubana video. Anayechora majengo kwa Blender, huyo asihangaike kuuliza: kwenye Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha, RTX 4080 inaipita AMD zaidi ya mara mbili. Kwa kazi hiyo sioni cha kubishania.

“Umeme wa huku utaiunguza. Weka UPS, umemaliza.”

Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, kwa hiyo hofu ya umeme ina historia. Lakini kadi haiuoni umeme wa ukutani. Inalishwa volti 12 na pawa saplai, na hiyo pawa saplai ndiyo inayopokea kipigo. Nvidia inapendekeza ya wati 750 kwa RTX 4080. AMD inataka 800 kwa 7900 XTX. Ziwe wati za kweli, maana kuna pawa saplai za bei chee zenye stika ya wati 800 ambazo ukizinyanyua ni nyepesi kama kopo tupu.

Sasa UPS, ile betri ya akiba. Ile ya 650VA iliyo kwenye maduka mengi haina wati 650. VA si wati; kifaa hicho hutoa kati ya wati 360 na 400 hivi. 7900 XTX peke yake inakula wati 355, RTX 4080 wati 320. Ongeza prosesa, feni, diski na monita, mashine inafika 500 na zaidi. Tena kwa sehemu ndogo ya sekunde kadi yoyote kati ya hizi huruka juu ya wati zake. Umeme ukikatika katikati ya gemu, UPS hiyo italia mara moja na kuzima pamoja na mashine. Tafuta ya 1500VA kwenda juu, na usome wati zilizoandikwa kwa maandishi madogo nyuma.

Na LUKU? Piga hesabu mwenyewe. Kadi ya wati 355 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa tano kwa siku inamaliza karibu uniti 53 kwa mwezi. Ile ya 320, uniti 48. Tofauti ya uniti tano haistahili kelele. Kinachostahili ni hiki: aliye kwenye bei ya matumizi madogo, yule asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, kadi yoyote kati ya hizi ikichanganyika na friji na pasi itamtoa huko. Hilo mama mwenye nyumba ataligundua kabla yako.

“Nvidia inayeyusha waya.”

Iliyoanza kuyeyusha plagi, Oktoba 2022, ni RTX 4090, ya wati 450. RTX 4080 inatumia plagi hiyohiyo ya pini 16 lakini inapitisha umeme mdogo zaidi. Novemba mwaka huo Nvidia ilisema inafahamu visa takriban 50 duniani kote, na kwamba tatizo lililojirudia ni plagi kutosukumwa mpaka mwisho. Baadaye muundo ulirekebishwa. Isukume mpaka usione mwanya, na usiukunje waya pale unapotokea kwenye plagi. 7900 XTX ya muundo wa AMD wenyewe inatumia plagi mbili za pini 8, zile za siku zote.

“Kadi kali inaondoa lagi mtandaoni.”

Haiondoi. Kadi inachora picha. Haisafirishi chochote kwenda kwenye seva. Ukiwa Ujiji na seva iko Ulaya, pingi yako, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ni ileile kwa kadi ya laki mbili na ya milioni tatu. Na mwenye kibanda aliyefunga TV ya HD ya hezi 60 asisumbuke: gemu ya mpira itaonyesha fremu 60 kwa sekunde kwa kadi zote mbili, na kwa kadi nyingine nyingi za robo ya bei.

“Laptop yangu ina RTX 4080, ni kitu kilekile.”

Jina tu. Ya laptop ina kore 7,424 na GB 12, na umeme wake hauvuki wati 175.

“Za mkono wa pili zimechoshwa na kuchimba sarafu za kidijitali.”

Ethereum, sarafu iliyokuwa inachimbwa zaidi kwa kadi za grafiksi, iliacha mfumo huo tarehe 15 Septemba 2022. Kadi zote mbili zilitoka baada ya hapo. Bitcoin nayo ina mashine zake maalumu tangu zamani. Anayekutisha kwa hoja hiyo labda anataka uiache, aichukue yeye.

Cha kuangalia kwenye mkono wa pili ni kingine, hasa kwa 7900 XTX. Baadhi ya kadi za mwanzo za muundo wa AMD wenyewe zilikuwa na hitilafu kwenye kifaa cha ndani cha kupoza, na AMD ilikiri hilo Januari 2023. Dalili yake ni sehemu yenye joto kali kufika nyuzi 110 na kadi kujipunguza kasi, wakati joto la wastani bado liko chini sana. Hapo ndipo msemo wa “AMD zinachemka” ulipopata nguvu, ingawa kadi za kampuni nyingine zenye chipu ileile hazikuwa na tatizo hilo. Kwa hiyo kabla hujalipa, iwekwe kwenye kasha lililosimama kama litakavyokaa kwako, kadi ikiwa imelala, iendeshwe gemu nzito nusu saa, na usome joto zote mbili kwenye GPU-Z, programu ya kuonyesha hali ya kadi. Fanya jaribio hilo mchana, si usiku wa baridi, maana chumba cha nyuzi 30 kinaiongezea kadi karibu nyuzi 10 juu ya zile unazoona kwenye majaribio ya YouTube yaliyofanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20.