Tristan da Cunha: pesa na pasipoti havitoshi

Wengi hudhani visiwa vyenye watu wachache havina mwenyewe: ukiwa na nauli, unafika. Kwa Tristan da Cunha, eneo la ng'ambo la Uingereza lililo kusini mwa Bahari ya Atlantiki, sivyo kabisa.

Kwanza, hakuna uwanja wa ndege. Safari huanzia Cape Town kwa meli, takribani kilomita 2,800, na huchukua takribani wiki moja au zaidi. Meli ni chache kwa mwaka na nafasi za abiria ni haba. Hata ukishakiona kisiwa, bandari yake ni ndogo mno, meli hutia nanga nje. Mawimbi yakichafuka unaweza kungoja siku kadhaa bila kukanyaga nchi kavu.

Pili, ruhusa huombwa mapema, na Baraza la Kisiwa lina kauli katika hilo. Wakazi hawafiki 300, wote katika kijiji kimoja. Mgeni mmoja akija na mafua, kijiji kizima kinaweza kuugua, na hospitali ni ndogo.

Lakini kinachonigusa zaidi ni ndege wa baharini. Katika kisiwa cha Gough, kilicho katika kundi hilohilo, panya waliofika na meli za zamani hula makinda ya ndege hao, kama albatrosi, yakiwa hai kiotani. Ndiyo maana viatu na mizigo ya wageni hukaguliwa kwa makini: kama panya hao, hata mbegu moja ngeni iliyonasa kwenye soli inaweza kuota na kuenea. Tafadhali, usiuone ukaguzi huo kuwa usumbufu.