Baiskeli porini: kosa si la matairi

Watembea milima wengi Marekani huamini kuwa baiskeli zimepigwa marufuku kwenye mapori asilia yanayolindwa kwa sababu matairi huharibu njia kuliko viatu. Sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulifanyika kwenye njia za milimani Montana: watafiti walipitisha watu, farasi, pikipiki na baiskeli mara 100, wakazinyeshea njia mvua ya kutengeneza, kisha wakapima udongo uliochukuliwa na maji. Kwato na miguu vilitifua zaidi ya magurudumu. Na farasi, ajabu, wanaruhusiwa.

Marufuku ina asili nyingine. Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda mapori hayo ilikataza magari, injini na aina nyingine yoyote ya usafiri wa kimashine, bila kutaja baiskeli. Mwaka 1966 Idara ya Misitu ilieleza kuwa usafiri huo ni chombo kinachosukumwa na nguvu isiyo ya kiumbe hai. Kwa maana hiyo baiskeli ingepita. Mwaka 1977 ikaikataza kwa jina, na mwaka 1984 ikaondoa utata uliobaki kwenye kanuni zake.

Sisemi tairi halina lawama. Anayebana breki kwenye mteremko wenye tope huacha mfereji mwembamba, na mvua inayofuata hupita humohumo. Ila wanaotetea marufuku wangejenga hoja yao juu ya kasi na utulivu: mtu aliyetembea siku mbili kutafuta ukimya, halafu kwenye kona anakurupushwa na kengele.