Onyo la Mgongano Angani Halipuuzwi kwa Kudhaniwa la Uongo

Wengi hudhani kwamba rubani akitazama dirishani asione ndege nyingine, anaweza kulihesabu onyo la TCAS, mfumo wa kuzuia ndege kugongana, kuwa la uongo na kuendelea na safari yake. Sivyo. Mfumo ukiamuru kupanda au kushuka, rubani hutakiwa kuanza kutii ndani ya sekunde 5 hivi, hata kama mwongozaji wa ndege aliye ardhini anasema kinyume, isipokuwa pale ambapo utii wenyewe ungehatarisha ndege.

Sababu ni kwamba mifumo ya ndege mbili huwasiliana na kupatana: mmoja ukiamuru kupanda, mwingine huamuru kushuka. Usiku wa Julai 1, 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, marubani wa ndege ya Urusi aina ya Tupolev walifuata agizo la mwongozaji la kushuka ilhali TCAS yao iliwataka wapande. Ndege ya mizigo ya DHL, ikiutii mfumo wake, nayo ilikuwa ikishuka; zikagongana, na watu 71 wakafa.

Maonyo ya uongo yapo kweli. Machi 1, 2025, ndege kadhaa zilizokaribia uwanja wa Reagan, Washington, ziliyapata ilhali hapakuwa na ndege karibu, na baadhi zikalazimika kuahirisha kutua. Usumbufu huo, kwa maoni yangu, ni mdogo mno ukilinganishwa na hatari ya kubahatisha, kwani mawinguni au gizani jicho halithibitishi lolote. Rubani hutii kwanza, humwarifu mwongozaji, kisha tuhuma zake kuhusu kifaa huziandika katika ripoti baada ya kutua.