Yannick Jadot na vita vya uvuvi wa umeme

Kazi yangu ni utafiti wa uvuvi, na uvuvi ndio ulionifanya nimfuatilie Yannick Jadot, mwanasiasa wa chama cha Kijani cha Ufaransa. Wengi wanamjua kwa kugombea urais wa Ufaransa mwaka 2022. Mimi namheshimu zaidi kwa kura iliyopigwa katika Bunge la Ulaya tarehe 16 Januari 2018.

Hoja ilikuwa uvuvi wa umeme katika Bahari ya Kaskazini. Wavu wa kukokota hufungwa nyaya zinazotoa mipigo ya umeme. Samaki bapa waliojifukia mchangani, jamaa za gayogayo, hukakamaa misuli, wakainuka na kuzolewa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uvuvi huo mwaka 1998, kisha ukalegeza kamba: kila nchi iruhusu asilimia 5 tu ya meli zake za nyavu za kukokota zitumie umeme. Uholanzi ikafikisha vibali 84, kupita kiwango hicho kwa mbali. Wavuvi wa boti ndogo, Wafaransa kwa Waingereza, wakalalamika kwamba bahari inaishiwa samaki. Jadot alikuwa mstari wa mbele kulisukuma suala hilo bungeni, huku Bloom, shirika la kutetea bahari, likipiga kampeni nje. Bunge likaunga mkono marufuku kamili kwa kura 402 dhidi ya 232, na Julai 2021 ikaanza kutekelezwa kikamilifu.

Wapo watafiti wenzangu wanaosema, na wana hoja, kwamba umeme huchimbua sakafu ya bahari kidogo na kula dizeli kidogo kuliko minyororo inayokokotwa sakafuni katika uvuvi wa kawaida. Hata hivyo naona Jadot alikuwa sahihi. Sheria ilikiukwa, na aliyeumia ni mvuvi mdogo.

Ung'ang'anizi huo aliujenga kabla ya siasa. Baada ya kusoma uchumi alifanya kazi za maendeleo Burkina Faso na Bangladesh, kisha akaongoza kampeni za shirika la mazingira la Greenpeace Ufaransa kuanzia 2002 hadi 2008. Mwaka 2009 akawa mbunge wa Ulaya. Katika uchaguzi wa Bunge hilo wa 2019, orodha ya wagombea aliyoiongoza ikashika nafasi ya tatu nchini Ufaransa kwa karibu asilimia 13.5.

Urais ulimkatalia. Mwaka 2017 alijitoa akamuunga mkono Benoît Hamon, mgombea wa chama cha Kisoshalisti. 2022 akapata asilimia 4.63. Asiyefika asilimia 5 hukosa sehemu kubwa ya fidia ya serikali kwa gharama za kampeni, na usiku uleule ilibidi awaombe wafuasi wachange.

Tangu 2023 ni seneta wa Paris. Ufaransa bado inaruhusu nyavu za kukokota katika sehemu kubwa ya maeneo yake ya hifadhi ya bahari, na hilo ndilo ningependa alivalie njuga sasa.