Je, wajua kwa nini stelingi wa No Country for Old Men anakufa bila sisi kuona?

Tangu enzi za mabanda ya video tumeambizana kwamba stelingi hafi. Akifa, basi afe mwishoni kabisa, risasi zikiwa zimemwishia. Halafu inakuja filamu ya kauboi ya mwaka 2007, No Country for Old Men ya ndugu Joel na Ethan Coen, ambayo mtu tuliyemfuata tangu mwanzo anauawa bado dakika nyingi zimebaki, na kamera haipo. Filamu hiyohiyo ilibeba Oscar 4, ikiwemo ya filamu bora. Kwa nini walifanya hivyo? Kama hujaiangalia, iangalie kwanza, maana hapa nasimulia mpaka mwisho.

Ni Texas ya magharibi, mwaka 1980. Llewelyn Moss (Josh Brolin) yuko porini akiwinda. Anakuta magari yaliyotobolewa kwa risasi, maiti, shehena ya dawa za kulevya, na mbele kidogo begi lenye dola milioni 2. Mtu mmoja bado yu hai, anaomba maji. Moss hana, anaondoka na pesa. Usiku usingizi unamkataa, anajaza maji kwenye dumu na kurudi, na hapo ndipo wenye mali wanapomwona. Balaa lote linaanzia kwenye lile dumu la maji. Anayemwinda sasa ni Anton Chigurh (Javier Bardem), muuaji anayetembea na mtungi wa hewa na kifaa cha kupigia ng'ombe kichwani machinjioni. Nyuma yao wote anakuja sherifu mzee, Ed Tom Bell (Tommy Lee Jones).

Jibu lenyewe ni kwamba tulikosea kumtambua stelingi. Hadithi ni ya Bell. Sauti ya kwanza tunayoisikia ni yake, akiwakumbuka masherifu wa zamani, na maneno ya mwisho ni yake. Riwaya ya Cormac McCarthy ya mwaka 2005, ambayo filamu inaifuata kwa karibu, nayo imejengwa juu ya sauti hiyo. Na Bell kila aendako hufika amechelewa. Anaingia nyumbani kwa Moss, anakuta chupa ya maziwa mezani bado inatoka jasho la baridi: Chigurh ametoka muda si mrefu. Mzee anajimiminia maziwa, anakaa palepale alipokaa muuaji. Basi Moss anapouawa kwenye moteli huko El Paso, sisi tunafika pamoja na Bell. Gari la wauaji, wale wenye mali na si Chigurh, linatimka, na mwili uko sakafuni.

Nguvu kubwa ya filamu hii ni kumwamini mtazamaji. Angalia buti. Chigurh anampiga mtu risasi hotelini, kisha anapokea simu na kuongea. Damu inatambaa sakafuni kuelekea kwake. Anainua miguu taratibu na kuiweka kitandani. Hakuna anayesema neno juu ya hilo. Baadaye anamtembelea Carla Jean, mke wa Moss, anamtaka achague upande wa sarafu ili aokoe maisha yake, naye anakataa. Tunamwona Chigurh akitoka nje, anasimama barazani na kukagua soli za buti. Basi. Nilipoiona mara ya kwanza, moyo ulinishuka kuliko ningeoneshwa mauaji yenyewe. Muziki nao karibu haupo: Carter Burwell aliandika kama dakika 16 tu, nyingine zikiwa za majina ya mwisho, kwa hiyo masikio yanabaki na nyayo na upepo.

Lakini kwa kifo cha Moss, mbinu hiyohiyo inateleza. Buti zilitufundisha mapema, hapa hatukuandaliwa. Mwili unaoneshwa kwa muda mfupi mno, na mimi nililazimika kurudisha nyuma kuhakikisha ni yeye. Mtazamaji anayeuliza "huyo ni nani?" hawezi kuomboleza. Sekunde chache zaidi usoni pake zingetosha, na wazo la Bell kuchelewa lisingepungua hata kidogo. Udhaifu mwingine ni Chigurh mwenyewe: anaua ovyo mchana kweupe, na ni kama polisi wa jimbo zima wamelala.

Hata hivyo, pambano la mwisho lipo kwa wanaolitafuta. Usiku Bell anarudi peke yake kwenye chumba kile cha moteli. Kitasa kimetobolewa, kazi ya ule mtungi. Tunaoneshwa Chigurh kizani, bunduki mkononi. Mzee anasimama mlangoni kitambo, anachomoa bastola, anasukuma mlango na kuingia. Hakuna mtu. Anakaa ukingoni mwa kitanda, na pale sakafuni anaona kifuniko cha tundu la hewa, maficho ya zile pesa, skurubu zake, na sarafu iliyozifungulia.