Fedha za hifadhi ya nyaraka za sanaa: omba gharama isiyoonekana

Hifadhi ya nyaraka za sanaa hutunza vitu ambavyo kwa kawaida havitundikwi ukutani: barua za wachoraji, negativi (filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake), vipeperushi vya maonyesho, madaftari ya rasimu, kanda za mahojiano, stakabadhi za mauzo. Pasipo hivyo ni vigumu mno kuthibitisha mchoro ni wa nani na umepita mikononi mwa nani. Lakini mfadhili akija kutembelea, anachokiona ni rafu za masanduku. Kwa hiyo anayeongoza uchangishaji lazima aijue kazi inayofanyika ndani ya masanduku hayo, na bei yake, kabla hajaandika barua hata moja ya maombi.

Tuchukue kurasa 5,000 za barua na vipeperushi vya ukubwa wa A4. Ukurasa mmoja ukiskaniwa kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, bila kubanwa, hutoa faili la takriban megabaiti 46. Zote pamoja ni kama gigabaiti 230. Zikiwekwa nakala tatu, moja ikikaa nje ya jengo, ni kama gigabaiti 700. Diski za ukubwa huo hazina bei ya kutisha, na hapo ndipo maandiko mengi ya miradi yanapopotea. Yanaomba skana na diski, yanawasahau watu. Kuskani kwenyewe mara nyingi hula kama theluthi moja tu ya gharama. Theluthi nyingine ni kuandika maelezo: nani aliandika, kwa nani, lini, kuhusu maonyesho gani. Inayobaki huenda kwenye usimamizi na ukaguzi wa ubora. Mradi usio na mshahara wa mtu wa kuandika maelezo huishia na maelfu ya mafaili yenye majina ya namba tupu. Mtafiti hapati anachotafuta, na mfadhili aliyelipia hana cha kuonyeshwa.

Usitumie maneno mazito kama “urithi unapotea” ukaishia hapo. Eleza unapoteaje. Filamu za asetati, aina ya plastiki, ambazo zilitumika sana kwa negativi za karne ya 20, huvunjika zenyewe na kutoa harufu ya siki. Kwenye nyuzi joto 21 na unyevu wa asilimia 50, filamu mpya hukadiriwa kufika hatua hiyo baada ya miaka 40 hivi. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi kina joto na unyevu zaidi ya hapo karibu mwaka mzima, basi muda huo hufupika sana. Ikishaanza kunuka, uharibifu huenda kwa kasi, na filamu moja huweza kuchochea nyingine zilizofungiwa nayo. Mfadhili akielezwa hivyo anajua kwa nini anaombwa mwaka huu, na kwa nini jokofu na vijaluba visivyo na asidi vimo kwenye bajeti.

Ruzuku za kimataifa zipo, ila zisome masharti kwa makini. Mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ulioanza 2004, umewahi kugharimia upigaji picha wa miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kina mpango unaoegemea nyaraka za karne ya 20 na ya 21. Mipango hii hulipia kuhamishia nyaraka kwenye mfumo wa kidijitali na hutaka matokeo yawekwe wazi mtandaoni. Haijawekwa ili kuwalipa mlinzi, umeme na bima yenu kila mwezi. Tena huwezi kuahidi kuweka wazi kitu ambacho hakimiliki yake si yenu: familia ikikupa barua na picha, imekupa karatasi tu, si hakimiliki. Nchini Kenya hakimiliki ya kazi ya sanaa hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Ruhusa ya maandishi itafutwe kabla ya kuomba fedha.

Gharama za kila mwezi zinahitaji watoaji wa nyumbani, na kwa maoni yetu hapa ndipo nguvu nyingi ziende. Watu wetu wamezoea kuchangia harusi, matibabu na karo. Wanaweza kuchangia na hifadhi, mradi waambiwe kiasi kinafanya nini. Piga bei ya sanduku moja: kulisafisha, kulipanga, kuliorodhesha, kulitunza mwaka mzima. Mwombe mtu achukue sanduku moja kwa mwaka. Malipo yaingie kwenye akaunti au namba ya malipo ya taasisi, kamwe si simu ya mfanyakazi, hata kama ni mwaminifu kiasi gani.

Mnada nao unafaa. Asia Art Archive ya Hong Kong, iliyoanzishwa mwaka 2000, huendesha mnada wa kuchangisha kwa kazi zinazotolewa na wasanii na majumba ya sanaa. Nairobi imeonyesha kuwa wanunuzi wapo tangu mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki wa 2013. Hatari yake ni kuwachosha wasanii walewale kila mwaka kwa kuomba kazi za bure. Mpe msanii sehemu ya mauzo, weka bei ya chini kabisa ambayo kazi haitauzwa chini yake, na usiguse mkusanyo wenyewe. Hifadhi ikiuza ilichokabidhiwa, familia nyingine hazitaleta tena.

Fedha zikiingia, risiti na shukrani zitoke ndani ya saa 48. Mchango wenye sharti upewe kasma yake kwenye vitabu. Kosa la kawaida ni kuazima fedha za mradi kulipa mishahara kwa matumaini kwamba “zitarudi”. Mkaguzi akifika hazijarudi, na mfadhili hajaambiwa. Angalia pia awamu za malipo. Wafadhili wengi huzuia sehemu ya mwisho hadi ripoti ikubaliwe, kwa hiyo lazima muwe na akiba ya kuvuka miezi hiyo. Kama ruzuku ni ya pauni au dola, andika kwenye bajeti kiwango cha ubadilishaji mlichotumia na mkubaliane mapema tofauti itakwenda wapi. Kazi ikichelewa, toa taarifa kabla ya tarehe ya ripoti.

Masharti ya mtoaji yaandikwe, na yawe yanayotekelezeka. Joseph Murumbi, makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga na mikusanyo yake miaka ya 1970, akitarajia nyumba iwe taasisi ya masomo ya Afrika. Vitabu na kazi nyingi za sanaa vipo leo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, na umma unavifaidi, lakini nyumba ilibomolewa. Hati ya makabidhiano itaje nani anawajibika, kwa muda gani, na nini kifanyike taasisi ikishindwa.

Mwisho, bodi ipitishe sera ya kupokea michango kabla ya kuhitajika. Machi 2019, jumba la sanaa la National Portrait Gallery, London, na Sackler Trust, mfuko wa hisani wa familia ya Sackler, walitangaza kuwa msaada wa pauni milioni 1 hautaendelea, kwa sababu ya uhusiano wa sehemu ya familia hiyo na OxyContin, dawa ya maumivu inayolaumiwa kwa kuleta uraibu. Makumbusho ya Metropolitan, New York, yaliondoa jina hilo kwenye kumbi zake Desemba 2021. Kila mkataba wa kuita chumba jina la mtu uwe na ukomo wa miaka na kifungu cha kuliondoa, na anayechunguza chanzo cha fedha asiwe yuleyule aliyekwenda kuziomba.