Kutafuta Majira ya Nukta Yasiyojulikana kwa Kutumia Mteremko wa Mstari

Mstari ulionyooka hutofautiana na uliopinda kwa sifa moja kuu: mteremko wake haubadiliki. Ukichagua nukta zozote mbili juu yake, ukagawanya tofauti ya y kwa tofauti ya x, utapata jibu lile lile, na ndiyo maana jira (namba ya x au ya y inayoonyesha mahali pa nukta) lililofichwa kwa herufi linaweza kufichuliwa.

Tuchukue mstari unaokata mhimili wa y kwenye 6 na mhimili wa x kwenye 8, ambao unapita pia katika nukta (t, 9). Wanafunzi wengi hudhani kwamba hawajapewa nukta yoyote kamili, ilhali wamepewa mbili, kwa sababu x ni sifuri popote kwenye mhimili wa y, na y ni sifuri popote kwenye mhimili wa x. Nukta hizo ni (0, 6) na (8, 0), na mteremko wake ni −6/8, yaani −3/4. Mteremko kutoka (0, 6) hadi (t, 9) nao ni lazima uwe huo huo; hivyo 3/t = −3/4, na t = −4. Alama ya hasi isitushangaze: mstari huu hushuka kuelekea kulia, kwa hiyo nukta iliyo juu zaidi ya 6 haina budi kuwa kushoto mwa mhimili wa y. Mpangilio wa kutoa nao uzingatiwe, kwani anayeanza na nukta ya pili juu ya alama ya kugawanya sharti aanze nayo chini pia.

Swali huwa gumu zaidi, na kwa maoni yangu tamu zaidi, mistari miwili inapokutana kwa pembe mraba. Tuseme A ni (0, 2), C ni (5, 3), na B iko kwenye mhimili wa x, mahali ambapo AB na BC zinakutana kwa nyuzi 90. Kwa kuwa B iko kwenye mhimili huo, tunaiandika (b, 0). Mteremko wa AB ni −2/b, na wa BC ni 3/(5 − b). Mistari inapokutana kwa pembe mraba, zao la miteremko yake, yaani jibu la kuizidisha, ni −1, kwa hiyo b(5 − b) = 6, yaani b² − 5b + 6 = 0, na b ni 2 au 3. Majibu yote mawili ni sahihi, na anayeandika moja tu amejibu nusu ya swali.

Hata hivyo, kanuni ya −1 haifanyi kazi kwa mstari wima, ambao hauna mteremko kwa kuwa tofauti ya x ni sifuri. Inabidi basi kukagua kando b = 0, inayoifanya AB iwe wima, na b = 5, inayoifanya BC iwe wima. Katika hali zote mbili mstari wa pili haulali sambamba na mhimili wa x, hivyo pembe mraba haipatikani, na hakuna jibu la tatu.